Mshipi wa Ijumaa

"Mama anajua?"

Etye Bogalech, jirani yetu, aliniuliza hivyo asubuhi ya Ijumaa, akiwa amesimama mlangoni pake na beseni la majivu mikononi. Mimi nilikuwa mbioni kwenda kazini, manyunyu yakinipiga usoni. Nilijua anauliza nini. Nilikuwa nimechukua netela ya mama, shuka yake nyepesi ya kwendea kanisani, bila kumwomba, nikaikunja na kuifunga kiunoni juu ya gauni langu jeusi, na Etye Bogalech hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Nikashusha sauti. "Hajui," nikamwambia. "Tafadhali, Etye, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Akaliweka beseni chini. Akanishika bega, akanitazama kwa huruma kubwa, huruma ambayo mtu hapewi kwa sababu ya nguo ya kuazima, akasema, "Mungu akutie nguvu, mwanangu." Nilidhani ananitania. Nikacheka kidogo, nikashika njia.

Zaidi ya miaka thelathini imepita, na kila nikiyakumbuka mazungumzo hayo napandwa na hasira upya. Maneno yenyewe hayajai kiganja. Angeongeza neno moja tu, au mimi ningeongeza moja, tungeelewana na mambo yangeishia pale pale kwenye majivu yake. Kuuliza si ujinga, watu husema, na bado mtaa mzima wa watu wenye akili zao haukuuliza.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini kwa hesabu yetu, mwezi wa Hamle, wakati mvua ya Dessie haikati na mlima hauonekani kwa ukungu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa katika ofisi moja ya ujenzi wa barabara, na nilikuwa na magauni mawili ya kazini: jeusi na la kijivu. Usidhani nilikuwa na shida kuliko wenzangu. Kitambaa kilikuja kwa zamu kwenye duka la mtaa, na kilipokuja kilikuwa cha rangi moja, hivyo wanawake wa mtaa mzima tulitoka tumefanana kama madawati ya shule. Fundi naye alikuwa na mshono mmoja tu kichwani mwake. Ulilivaa gauni lake likakuteremkia kutoka mabegani hadi kwenye magoti bila kukuuliza kama una kiuno.

Na mimi nilipenda kupendeza. Sioni haya kulisema, ingawa wakati ule ilikuwa kama kukiri wizi.

Nilikuwa na skafu tano. Tatu nilizichagua kwenye mitumba ya soko la Jumatatu. Mbili alinitumia kaka yangu Yirdaw kutoka Asmara, mwaka wa kwanza alipopelekwa huko na jeshi. Kichwani zilikuwa skafu tu, kila mwanamke alikuwa nayo. Siku moja nikaishusha ile ya manjano, nikaikunja pembe kwa pembe mpaka ikawa utepe wa vidole vinne, nikaizungusha kiunoni na kupiga fundo ubavuni, ncha zikining'inia hadi pajani. Gauni la kijivu likashtuka. Likapata mwanamke ndani yake.

Basi nikajifunga kibwebwe, kwa maana zote mbili. Jumanne nilisokota nyekundu na bluu pamoja kama kamba, nikafunga mara mbili. Jumatano nilichukua ile kubwa yenye maua, nikaikunja marinda membamba, nikapitisha ncha zake kwenye bizimu ya mkanda wa marehemu baba. Alhamisi nilifunga fundo nyuma, kama kipepeo, na jeusi likawa gauni la kwendea harusini. Magauni mawili, skafu tano, mafundo niliyoyabuni mwenyewe: piga hesabu, nilikuwa naweza kwenda mwezi mzima bila kurudia. Mwenzangu Tiruye, aliyekaa meza ya pili, alikuwa ananikagua kila asubuhi kabla hata ya kunisalimu. Hatimaye mkuu wetu, Ato Shiferaw, mtu mzima aliyevaa suti moja tangu nianze kazi, akaniita mezani pake.

"Wubit, una magauni mangapi wewe?"

"Mawili, Ato Shiferaw."

"Basi macho yangu yameharibika," alisema, akarudi kwenye mafaili yake.

Wasichana wa ofisi wakaanza kuiga, na Tiruye akaapa mbele ya wote kwamba Ijumaa atanizidi. Mambo ya kitoto, najua. Lakini huko kaskazini kulikuwa na vita, redioni kulikuwa na hotuba, dukani kulikuwa na foleni, na sisi hatukuwa na kingine cha kushindania.

Alhamisi jioni nilizifua zote tano. Ulikuwa ujinga wa kwanza. Hamle nguo haikauki, inabadilisha tu aina ya ubichi. Asubuhi nilizikuta kwenye kamba ya jikoni zinachuruzika na kunuka moshi. Nilizikamua tena, nikazipunga juu ya moto wa kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu, wapi. Muda unakwenda, na Tiruye yuko njiani na maajabu yake. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kinuni kusaga. Nikafungua sanduku lake.

Netela ni nyepesi, ukiikunja kwa urefu inalala vizuri kuliko skafu yoyote. Ya mama ilikuwa nyeupe kabisa, na ukingo wake ulifumwa kwa kijani na nyekundu, upana wa kiganja. Niliizungusha kiunoni mara mbili, nikaikaza, na bado ikabaki ndefu. Ule urefu uliobaki ningeuacha uning'inie ungeburuzika matopeni, kwa hiyo nikaupandisha juu ya bega, nikauzungusha shingoni, ukingo juu ili usipate tope. Pia ulinikinga na baridi. Kioo chetu kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, kimening'inizwa kwenye msumari. Nilikishusha kujitazama kiunoni, nikaona kiuno kimependeza. Nikakipandisha kujitazama shingoni, nikaona shingo imependeza. Mambo yote mawili kwa pamoja sikuyaona, maana kioo hakikutosha.

Mtoto wa kwetu wa miaka saba angeniambia nilivyokuwa. Gauni jeusi, netela imefungwa kiunoni, ukingo umepanda shingoni, macho mekundu. Huyo ni mfiwa. Hilo halifundishwi shuleni, mtu hulijua kama anavyojua mkono wake wa kulia, na mimi nililijua. Ndiyo maana sijisamehi. Mgeni angekosea kwa kutojua, nami nilikosea huku najua, kwa sababu nilikuwa nawaza fundo la Tiruye.

Na mfiwa wa nani? Hapo hakuna aliyehitaji kukuna kichwa. Baba alikuwa marehemu wa miaka mingi, mama alikuwa ameonekana kinuni saa ile ile, na Yirdaw alikuwa kaskazini bila kuleta barua tangu Krismasi. Mtaa wetu ulikuwa umeshaanza kumsubiri kwa namna hiyo, chinichini, kama ulivyowasubiri vijana wengine. Nilipopita mbele yao nikiwa nimevaa vile, nilikuwa nimewapelekea jibu.

Njiani wanaume wawili walinipisha kwenye daraja la mbao na kuvua kofia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza kuni aliinamisha kichwa. Nilidhani nimependeza kupita kiasi. Nilitembea nimeinua shingo, Mungu anisamehe.

Mlangoni mwa ofisi mvua ilikuwa imepungua. Nikaufungua ule mzunguko wa shingoni, nikaushusha na kuuchomeka kiunoni kwa marinda, ukingo ukaanguka mbele kama mkia wa ndege. Ofisini, basi, hakuna aliyeona msiba. Waliona mshipi. Tiruye alikuwa amefunga skafu ya hariri ya shangazi yake, akanitazama, akavuta kiti akakaa. "Haya, umeshinda," alisema. "Lakini kaka yako akirudi nitamwambia aniletee sita." Ilikuwa siku yangu bora kabisa katika ofisi ile.

Jioni niliwahi kurudi, nikaikunja netela ilivyokuwa na kuirudisha sandukuni. Mama hakugundua kitu. Alikuwa amekasirika kwa jambo lingine: kwa Etye Bogalech kulikuwa na moshi wa masufuria mengi, wanawake wanaingia na kutoka na ungo na kuni, na yeye hakualikwa.

"Ana shughuli gani Bogalech hata asinishirikishe?" aliniuliza. "Nimemkosea nini?"

Nilimwambia huenda wamefikiwa na wageni. Etye Bogalech mwenyewe alikuja mara moja, akasimama mlangoni, hakuomba chumvi wala hakurudisha chombo. Alimtazama tu mama usoni, akamwuliza kama amekula, akaondoka haraka. "Na leo ananiuliza kama nimekula," mama alisema. "Jirani wa miaka ishirini."

Kwetu mtu hapelekewi tanzia akiwa peke yake, wala haambiwi jioni akabaki na giza lake. Watu wanaojua hunyamaza, wanapika, wanaitana, kisha alfajiri wanakwenda wote pamoja. Ni desturi nzuri. Hata leo nikisema nimekasirika, sisemi desturi ni mbaya. Kwa mama yangu waliitimiza bila kasoro.

Walikuja Jumamosi kabla jua halijatoka. Mama alikuwa ameamka kuwasha moto, akasikia miguu mingi uani, akafungua mlango. Mbele alikuwa Gashe Wondirad, mwenyekiti wa chama cha mazishi cha mtaa, amevua kofia. Nyuma yake watu kama arobaini, wanawake wote kingo za netela zimepanda shingoni. Hakuna aliyesema neno. Hawahitaji kusema, wakishakuja vile wameshasema.

"Yirdaw," mama alisema. Hakuwa anauliza.

Kisha akalia. Sitaki kueleza alivyolia. Nitasema tu kwamba nilitoka chumbani nywele zikiwa wazi, nikaona ule uso wa Gashe Wondirad, nikaona mama yuko chini matopeni anajipiga kifua, nami nikaanguka pembeni yake. Sikujiuliza nani kaleta habari. Watu arobaini wanakosea vipi? Nilimlilia kaka yangu kwa moyo wangu wote. Wanawake walitubeba wakatuingiza ndani, wanaume wakasimamisha turubai, benchi zikaja, nafaka ya kuchemsha ikaletwa kwenye masinia. Mama aliita majina yote ya Yirdaw, la ubatizo na la utani na lile alilomwita alipokuwa ananyonya. Aliita mpaka sauti ikakauka, ikabaki pumzi tu.

Jua lilikuwa limeshapanda Gashe Wondirad alipokuja kuchutama mbele yangu. Aliongea kwa upole sana.

"Mwanangu, tungependa kuijua siku aliyofariki, padri amwombee. Barua aliileta nani?"

"Barua gani, Gashe?"

"Uliyoipata wewe."

"Mimi sijapata barua. Si nyinyi mliopata?"

Akageuka kumtazama Etye Bogalech. Yeye akaja akachutama pia, macho yamevimba kwa kulia, akanishika goti. "Wubit, si ulinijibu mwenyewe jana? Nilikuuliza kama mama anajua, ukasema hajui, nisimwambie. Umesahau? Ulicheka hata, nikasema maskini, uchungu umempanda kichwani."

Hapo nilielewa. Nilielewa yote kwa mara moja, kuanzia wanaume wa darajani mpaka masufuria, na nakwambia nilitamani habari iwe ya kweli, kwa sekunde ile moja nilitamani, ili nisiwe mimi niliyeifanya. Kisha nikaona haya kwa kutamani.

"Nilikuwa nasema netela," nilisema.

"Netela imefanyaje?"

"Nilichukua netela ya mama bila kumwambia. Nilifikiri unaniuliza hilo. Niliifunga kiunoni kama mshipi, skafu zangu zilikuwa mbichi."

"Kama mshipi," Gashe Wondirad alirudia.

"Wa kupendezesha gauni."

Akasimama, akawarudia watu maneno yangu. Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, na mwingine akampokea, na nyumba nzima ikalipuka. Yu hai! Hajafa! Watu walikumbatiana, wengine walicheka huku kamasi zinawatoka, mzee mmoja akacheza mabega pale pale kwenye benchi la msiba. Matanga yalianuliwa kabla ya saa sita. Ile nafaka ya kuchemsha waliila kama chakula cha sherehe, na mtu fulani alimtuma mwenzake akalete pombe ya nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini siku ile mtaa wetu ulijaribu kuyazoa kwa mikono miwili.

Etye Bogalech hakucheka. Alinivuta jikoni akanifokea kwa sauti ya chini. "Nguo ina mdomo wake," aliniambia. "Ukishaivaa umeshasema."

"Na wewe una mdomo wako," nilimjibu. "Ungeniuliza nani amekufa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mtu mzima hivyo. Alikusanya masinia yake akaenda, na kwa mwaka mzima salamu yetu ilikuwa ya kutupiana.

Mama alikuwa amebaki mahali alipokuwa, udongo nywelini. Kigelegele hakupiga. Watu walipoondoka aliomba maji, akanawa uso taratibu, akajifuta. Nilimpigia magoti nikamshika miguu. Nilitegemea anichape, na ningefurahi.

"Mbona hukuniomba?" alisema. "Ningekupa."

Hakuzungumza tena habari ile. Mtaa ulizungumza kwa niaba yake. Watoto waliniita Wubit Mshipi, na jina hilo lilinifuata mpaka nilipoolewa. Ofisini Tiruye na wenzake waliendelea na mafundo yao, fundo la kipepeo nililolibuni mimi likaenea mji mzima, hata wauza kahawa wa kituo cha mabasi walilifunga. Mimi nilirudi kwenye gauni la kijivu kama lilivyotoka kwa fundi. Ato Shiferaw aliniuliza kama ninaumwa.

Kilichoniudhi zaidi kilikuwa mama. Mtu aliyerudishiwa mwanawe mikononi hawi baridi hivyo. Kila Jumatatu nilipitia posta, kisha kwenye ofisi ya jeshi, nikapanga foleni na wanawake wengine kuuliza jina la Yirdaw, nikajibiwa hakuna habari. Nikirudi namwambia, "Hakuna habari, mama, na hiyo ni habari njema." Anaitikia kwa kichwa, anaendelea na kazi. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda. Hakuuliza hata siku moja. Kabla ya Ijumaa ile alikuwa anamkimbilia mtu wa posta barabarani.

Mwaka uliofuata aligawa koti la Yirdaw kwa maskini wa kanisani. Nilikuta msumari mtupu ukutani. Nilipiga kelele siku hiyo, nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii mama yake. Nilimwuliza mwanawe akirudi atavaa nini. Nilimwambia anamwua kwa mikono yake, wakati mimi ninahangaika kumtafuta. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sawa," alisema. "Yu hai. Tutamshonea jingine."

Pasaka nilimlazimisha amtengee Yirdaw sehemu yake, yai na paja la kuku, kwenye sahani yake mwenyewe. Akamtengea. Mwaka uliofuata akamtengea bila kuambiwa, akaisogeza ile sahani upande wangu niione. Nikaridhika. Nilijisemea, sasa imani imemrudia.

Vita vilikwisha mwaka wa themanini na tatu. Askari walioshindwa walipita Dessie siku nyingi, wengine pekupeku, wengine wamebebana, wanaomba maji kwenye milango. Nilisimama kando ya barabara nikiuliza kila aliyeweza kusimama. Walinitazama kama mtu anayeuliza habari za tone moja la mvua. Mvua zilipokuwa zinakwisha, siku ya soko, mama hayupo, akaja mtu mwembamba mwenye fimbo, akajitambulisha kuwa Ayalneh, na akasema amekuwa akitafuta nyumba hii kwa ahadi.

Nilimkaribisha ndani. Alikula injera kidogo, akanywa maji. Alikuwa amelala handaki moja na Yirdaw. "Tulimzika mimi na mwenzangu mwingine," alisema. "Mwezi wa Megabit, mwaka wa themanini. Nilijua barua imewafikia. Nimekuja tu kuwaambia kwamba alizikwa, hakuachwa njiani."

Alipoondoka kuendelea na safari yake ya Gojjam nilikaa nikihesabu kwa vidole. Megabit, Miyazya, Ginbot, Sene, Hamle. Asubuhi ile nilipokuwa nakishusha na kukipandisha kioo, kaka yangu alikuwa na miezi minne ardhini. Watu arobaini hawakukosea. Walikuja na chakula, na turubai, na machozi yao, wakaja kwa mtu aliyekufa kweli, na mimi nikasimama katikati yao nikawatawanya. Lisemwalo lipo, watu hupenda kusema. Hakuna anayeichukia methali hiyo kama mimi.

Nilikwenda kwa Gashe Wondirad siku hiyo hiyo. Nilimwomba awaite watu waje alfajiri, kwa desturi, mama apate kulia na wenzake. Alikuwa amezeeka, hasikii vizuri, nikalazimika kuyasema kwa sauti mbele ya wajukuu zake.

"Huyo shahidi yuko wapi?"

"Ameshaondoka, Gashe."

"Na karatasi?"

"Hana karatasi."

"Wubit, mwanangu, sikatai neno lako," alisema, na alikuwa analikataa. "Lakini mtaa hauwezi kumliza mama yule mara mbili kwa sababu yako. Tafuta karatasi."

Nilitoka kwake nikiwa sioni njia. Ningetafuta karatasi wapi, kwa nani, jeshi lenyewe halipo? Nilikuwa nimeitumia haki yangu ya kuaminiwa yote, kwenye fundo la kiunoni. Basi nikaamua kumwambia mwenyewe, mchana, peke yetu wawili, jambo ambalo kwetu hufanywa na mtu asiye na watu.

Nilimkuta amerudi sokoni, ameketi kwenye kigoda uani, anachambua dengu kwenye ungo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipomfikia yakaisha.

"Kuna mgeni alikuja," nilisema.

"Nimeambiwa. Alikuwa na fimbo."

"Alikuwa na Yirdaw, mama. Huko juu." Vidole vyake viliendelea kupita kwenye dengu. "Anasema walimzika. Mwezi wa Megabit."

"Mwaka gani?"

"Themanini. Kabla ya ile siku. Kabla ya mambo yangu ya netela."

Alipata kijiwe, akakitazama, akakitupa kando. Nilisubiri alie. Nilikuwa nimejiweka tayari kumshika, nimepanua hata miguu nisianguke naye.

"Nilishamlilia, mwanangu," alisema. "Siku ile nilimlilia mpaka nikammaliza. Wewe ndiye uliyemfufua, nikakuachia."

Nilitaka kumpigia kelele. Zile Jumatatu zote kwenye foleni, lile koti, zile sahani za Pasaka alizozisogeza nizione, kumbe alikuwa ananitunzia mimi. Angeniambia. Miaka mitatu, angeniambia hata kwa nusu neno. Hasira ilinipanda mpaka kooni, nikafungua mdomo ili niitoe, kikatoka kilio.

Mama akausogeza ungo kando, akakivuta kichwa changu kwenye paja lake. Nikamlilia kaka yangu peke yangu pale uani, maana mwenzangu alikuwa amemaliza siku nyingi.